Mgodi Utanunua kwa Nani?

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa harambee, kwa niaba ya wanaumoja wanaofanya kazi za ununuzi na usimamizi wa mikataba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na Kamati Tendaji ya Umoja wetu,
Wazee wetu, wajomba zetu, viongozi wetu wa dini,
Akina mama, vijana, na ndugu zetu wote kutoka Nyandira, Langali, Bunduki, Kikeo, Tchenzema na pande zote za Mgeta,



Sisi tunaosimama mbele yenu ni watoto wenu ambao riziki zetu zinatokana na zabuni na mikataba. Wengine tuko kwenye ujenzi, wengine kwenye migodi, wengine katika ofisi za umma. Kazi yetu kubwa ni makaratasi: kutangaza zabuni, kulinganisha bei, kuandika mikataba, kupokea mizigo, kuhakiki ankara na kusuluhisha ugomvi pale kazi inapokwenda kombo. Kila tunapopanda nyumbani, swali la kwanza tunaloulizwa na vijana ni hili: "Kaka, dada, mgodi ukijengwa tutapata kazi?" Leo tunaomba tulibadilishe swali hilo kidogo. Tujiulize: mgodi ukijengwa, utanunua kwa nani?

Madini yako mkoani kwetu

Mkoa wetu wa Morogoro si mgeni wa madini. Ulanga ulichimbwa katika milima hii ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani. Wenzetu wa Matombo wanaijua rubi, na wenzetu wa Mahenge wanayajua mawe yao ya spineli yanayosifiwa na masonara wa dunia nzima. Lakini mambo hayo yote yalikuwa ya sururu, nyundo na chekecheo.

Linalozungumzwa sasa ni jambo la ukubwa mwingine. Katika Wilaya ya Ulanga kuna akiba kubwa ya kinywe, madini meusi yanayotumika kutengenezea betri za magari ya umeme. Desemba 2021 Serikali ilisaini mkataba wa msingi na kampuni ya Black Rock Mining ya Australia, ikaundwa kampuni ya ubia iitwayo Faru Graphite, ambamo Serikali ina hisa asilimia 16. Aprili 2023 ukasainiwa mkataba mwingine na kampuni ya EcoGraf, nayo ya Australia, kwa ajili ya Epanko, jirani na mji wa Mahenge. Huko pia ikaundwa kampuni ya ubia, Duma TanzGraphite, na Serikali ina asilimia 16.

Mtu anaweza kusema Mahenge ni mbali na Mgeta. Ni kweli. Ukishuka Sangasanga, ukapita Mikumi, Kidatu na Ifakara, ukavuka Kilombero kwenye Daraja la Magufuli na kupanda mlima, ni safari ya karibu kilomita 300. Lakini kabichi yetu inakwenda Kariakoo kila siku, na viazi vyetu vinauzwa Dar es Salaam kwa watu wasiojua hata Nyandira iko upande gani wa Tanzania. Umbali haujawahi kutushinda. Kinachotushinda ni kitu kingine, na ndicho tunachotaka kukieleza.

Fedha ya ujenzi inavyoshuka

Wengi wetu tunapoona greda linachonga barabara ya mgodi, tunaona mtu mmoja tajiri anayeitwa "mgodi". Kwenye makaratasi hakuna mtu huyo. Mradi mkubwa wa ujenzi wa mgodi hukatwa vipande vipande, na kila kipande ni mkataba wake. Kuna kazi za udongo na barabara. Kuna ujenzi wa kambi ya wafanyakazi. Kuna zege na misingi, kazi za chuma, mitambo na mabomba. Kuna njia ya umeme. Kuna bwawa la kuhifadhia tope la mabaki. Kuna ulinzi, usafiri, mafuta, usafi, ufuaji wa nguo na chakula.

Mwenye mgodi kwa kawaida huweka kampuni ya usanifu na usimamizi imsaidie kuongoza mikataba yote hiyo. Chini yake wako makandarasi wakuu. Chini ya kila mkandarasi mkuu wako makandarasi wadogo na watoa huduma. Chini ya hao ndipo anapokuwapo mtu wa kuuza nondo kumi, mchanga lori tatu, au magunia ishirini ya viazi.

Mkulima wa Mgeta akiuza karoti zake kambini, hauzi kwa mgodi. Anamuuzia mtoa huduma ya chakula, ambaye ana mkataba na mwenye kambi. Mgodi haumjui. Siku mtoa huduma yule akichelewa kulipa, mkulima hawezi kwenda kugonga geti la mgodi akadai. Atakayemlipa ni yule aliyesaini naye, na mara nyingi yule naye anasema, "Nitakulipa nikilipwa." Kwa hiyo funzo la kwanza la mikataba ni jepesi kulisema na gumu kulikumbuka: kabla hujapakia lori, jua jina la mtu utakayemdai.

Sheria imefungua mlango

Wazee wetu wanaweza kuuliza, "Serikali inasemaje?" Serikali imesema. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini, ambazo zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu zitungwe, zinamtaka mwenye leseni ya madini aandae mpango wa jinsi atakavyotumia bidhaa, huduma na watu wa Tanzania, na mpango huo aupeleke Tume ya Madini. Kampuni ya kigeni inayotaka kuuza bidhaa au huduma mgodini ilitakiwa na kanuni hizo iingie ubia na kampuni ya Kitanzania na kuipa hisa zisizopungua asilimia 20. Katika kutathmini zabuni, kampuni ya Kitanzania yenye uwezo haipaswi kuondolewa kwa sababu tu bei yake si ya chini kuliko zote. Ikiwa imefuzu na bei yake haikuzidi bei ya chini kabisa kwa zaidi ya asilimia 10, yenyewe ndiyo inayopaswa kupewa kazi.

Huo ni upendeleo wa kweli. Lakini soma tena maneno yale: yenye uwezo, imefuzu. Upendeleo unamhusu aliyekwisha kuingia kwenye kinyang'anyiro. Asiyesajiliwa hana bei ya kulinganishwa na ya mwenzake. Tumekaa kwenye vyumba vya tathmini, na tunawaambia kwa uhakika: wazabuni wengi wadogo hawaangushwi na bei. Huangushwa kwenye hatua ya kwanza kabisa, ya kukagua viambatisho. Hana cheti cha usajili. Hana namba ya mlipakodi au hati ya kuthibitisha kwamba hadaiwi kodi. Leseni ya biashara imekwisha muda. Mkandarasi hajasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, au kazi inazidi daraja lake. Hana mashine ya EFD ya kutolea risiti. Bahasha yake inawekwa pembeni kabla hata bei haijasomwa.

Tuseme pia jambo moja la tahadhari. Ukifunguliwa mlango wa wazawa, watakuja watu wenye fedha kutafuta mzawa wa kumweka mbele kama pazia: jina lako kwenye hati, fedha na maamuzi kwao. Wanaweza kukupa bahasha ndogo kila mwezi. Kanuni zinakataza jambo hilo na zinaliita kosa, na ukisaini wewe ndiye utakayeitwa kujibu. Kijana wa Mgeta asikubali kukodisha jina lake.

Siku 75 za kungoja

Sasa tufike kwenye kile kitu kinachotushinda. Tufanye hesabu pamoja. Hii ni hesabu ya mfano tu, si ya mgodi wowote.

Tuseme kambi ya ujenzi ina watu 500, na kila mmoja kwa siku anakula robo tatu ya kilo ya viazi, mboga na matunda. Hiyo ni kilo 375 kwa siku. Tuseme bei, mzigo ukiwa umefikishwa kambini, ni Sh 1,500 kwa kilo kwa wastani. Kwa siku moja ni Sh 562,500. Kwa mwezi wa siku 30 ni Sh 16,875,000. Kwa kikundi cha wakulima wa Nyandira hiyo ni biashara nzuri sana. Watu watapiga makofi.

Lakini fungua ukurasa wa malipo. Mkataba unasema ankara itapelekwa mwisho wa mwezi, na malipo yatafanyika siku 45 baada ya ankara kupokelewa na kukubaliwa. Mzigo wa tarehe ya kwanza utalipwa siku ya 75. Katika siku zote hizo lori linataka dizeli, wabebaji wanataka ujira, na mkulima anataka fedha yake mkononi kwa sababu ada ya shule haingoji. Ikiwa katika kila shilingi 100 za bei, shilingi 80 ni gharama, kikundi kitakuwa kimetoa mfukoni Sh 33,750,000 kabla ya kupokea hata senti moja.

Nani hapa Mgeta ana kiasi hicho kilichokaa tu? Ndiyo maana wiki ya nne au ya tano kikundi kinaanza kuchelewesha mzigo. Wiki ya sita kinapeleka nusu. Wiki ya saba mnunuzi anaandika barua ya onyo. Wiki ya nane anakuja mchuuzi kutoka mjini mwenye mtaji, ananunua kabichi zile zile kwenye shamba lile lile, kwa bei ya shambani, na yeye ndiye anayesaini mkataba mpya. Kabichi ni ya Mgeta, faida si ya Mgeta.

Na siku 45 si ajabu. Katika mikataba ya ujenzi inayofuata vitabu vya FIDIC, ambavyo hutumika dunia nzima, toleo la mwaka 1999 linampa mwajiri hadi siku 56 tangu mhandisi alipopokea madai ya mkandarasi pamoja na vielelezo vyake. Mkandarasi mkuu akilipwa kwa siku 56, yule wa chini yake atalipwa baada ya hapo, na wa chini kabisa baada ya huyo. Kampuni kubwa zina benki za kuzishikilia wakati wa kungoja. Mkulima ana Umoja wake.

Kilo, si lumbesa

Wapo wanaodhani mikataba inatuletea taabu tu. Hapana, ina neema zake. Mgeni Rasmi, akina mama wa Mgeta wanaijua lumbesa kuliko mtu yeyote. Gunia linajazwa, linashonewa kilemba juu, linajazwa tena, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wamelikataza jambo hilo miaka mingi, na bado gunia linavimba.

Mkataba wa mgodini hauna lumbesa. Unanunua kwa kilo. Mizani inasoma, karani anaandika, pande mbili zinasaini hati ya kupokelea mzigo. Lakini mizani hiyo hiyo ina makali upande wa pili. Mpokeaji wa mzigo anakata kiazi kimoja, anaona kimeoza katikati, na anakataa gunia zima. Anapima joto la gari. Anauliza dawa ilipulizwa lini na mazao yamevunwa baada ya siku ngapi. Mzigo uliokataliwa Mahenge haurudi Nyandira. Unauzwa njiani kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo mkataba huanza kutekelezwa shambani na kwenye banda la kupangia, siyo kambini. Kikundi kinachochambua mazao yake nyumbani, kikapima nyumbani na kuandika nyumbani, hakikutani na mshangao getini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika kazi yetu tumeona daftari la kurasa 96 likiokoa mamilioni, kwa sababu siku ya ubishi mwenye tarehe, kilo na sahihi ndiye anayesikilizwa.

Usisaini kabla ya kusoma haya

Tumeombwa na vijana tuandike mambo ya kuangalia kwenye mkataba wowote wa ugavi au kazi. Tunayaweka hapa ili kijitabu hiki kikae nyumbani kisaidie.

Kwanza, mwenye kusaini. Ni kampuni gani, imesajiliwa wapi, na anayesaini ana mamlaka? Maneno ya simu ya bwana stoo si mkataba. Dai oda ya ununuzi iliyoandikwa.

Pili, bei. Imefungwa kwa muda gani? Bei ya kabichi wakati wa masika si bei ya kiangazi, na dizeli nayo hupanda. Omba kipengele cha kupitia bei kila baada ya miezi mitatu. Wakikataa, panga bei yako ukijua hivyo.

Tatu, malipo. Siku ngapi, zinaanza kuhesabiwa lini, na ni vielelezo gani vinatakiwa? Ankara iliyokosa namba ya oda hurudishwa, na siku zinaanza upya. Kwa watoa huduma, kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 5. Iweke kwenye hesabu mapema na udai hati yake.

Nne, dhamana na makato. Kwa kazi za ujenzi utaombwa dhamana ya utekelezaji kutoka benki, mara nyingi asilimia 10 ya thamani ya mkataba, na sehemu ya kila malipo itashikiliwa hadi kipindi cha matazamio kiishe. Faida ya mkandarasi mdogo mara nyingi yote imelala humo.

Tano, mabadiliko. Ukiambiwa "ongeza hapo kidogo, tutaelewana", omba maandishi kabla ya kuongeza. Ukicheleweshwa kwa jambo lisilo lako, andika taarifa. FIDIC ya mwaka 1999 inampa mkandarasi siku 28 tangu alipolijua jambo kutoa taarifa ya madai. Zikipita, haki yake imepita. Barua ya mistari minne kwa wakati inazidi wakili wa kutisha baada ya wakati.

Sita, kuvunjwa. Mikataba mingi inamruhusu mwajiri kusitisha kazi hata kama hujakosea. Angalia unapewa notisi ya siku ngapi, na nini kitalipwa kwa mzigo ulioko njiani.

Tarehe za mradi husogea

Hatutaki mtu aondoke hapa akakope kwa sababu amesikia neno mgodi. Tukumbuke tulichokiona kwa macho yetu chini ya milima hii. Mkataba wa reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro ulisainiwa Februari 2017 kwa muda wa miezi 30. Treni ya abiria ilianza safari Juni 14, 2024. Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulisainiwa Desemba 12, 2018, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari 2024. Miradi yote miwili imekamilika na tunajivunia. Lakini aliyenunua lori kwa mkopo akitegemea tarehe ya kwenye bango, alijifunza kwa gharama kubwa.

Mgodi nao uko hivyo. Kati ya mkataba na Serikali na greda la kwanza kuna utafiti, fidia kwa wananchi, na kutafuta mabilioni ya fedha kwenye mabenki. Hatua hizo huchukua miaka. Kisha ujenzi wenyewe, wenye watu wengi wanaokula, ni wa muda mfupi. Ukikamilika, wajenzi huondoka na kubaki idadi ndogo ya waendeshaji. Soko la kambi ni kama mvua ya vuli: inafaa kwa aliyekwisha kulima.

"Tumalize zahanati kwanza"

Tunajua wapo wazee wetu wanaosema: "Fedha ya harambee ni ya zahanati na madarasa. Mambo ya migodi waachieni wafanyabiashara." Hoja hiyo ni ya haki, na hatutaki kuipita pembeni. Mama anayejifungua hawezi kungoja bei ya karoti. Hatuombi fedha ya zahanati ihamishwe.

Tunaloliona ni kwamba kila mwaka tunarudi hapa hapa, watu wale wale, tukichangishana mishahara ya mjini ili kujenga kijijini. Mwaka ambao walio mjini wamebanwa, jengo linasimama kwenye lenta. Kama vikundi vyetu vingekuwa vinauza kwa mkataba, zahanati ingejengwa pia na waliobaki nyumbani.

Na kuna jambo linalotupa moyo. Maandalizi haya hayategemei mgodi. Mnunuzi anayetaka kilo, ubora, ankara na subira hayuko Mahenge tu. Shule za bweni, hospitali na vyuo vya Morogoro vinanunua chakula mwaka mzima. Taasisi za umma sasa zinatangaza zabuni kwa njia ya mtandao katika mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023, na sheria inazitaka zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kikundi kilichojiandaa kwa ajili ya Mahenge kitafaa Mzumbe, kitafaa Morogoro mjini, kitafaa Dodoma. Hata kinywe kisichimbwe kamwe, mizani na daftari vitabaki na faida.

Tunachoomba mwaka huu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima kubwa tunapendekeza theluthi moja ya makusanyo ya harambee hii iende kwenye mambo matatu.

La kwanza ni mfuko wa kuvusha siku za kungoja malipo. Hautatoa mtaji wa kubahatisha. Utakopesha kikundi chenye oda iliyosainiwa tu, kwa kiasi kisichozidi gharama za mzigo uliokwisha kupokelewa na kusainiwa. Malipo ya mnunuzi yataingia kwenye akaunti yenye sahihi ya kikundi na ya Umoja, mkopo utakatwa hapo, na mwenye zamu inayofuata atakopeshwa. Taarifa yake itasomwa mbele yenu kila mwaka, jina la kikundi kwa jina la kikundi. Asiyerudisha atajulikana kwa wajomba zake.

La pili ni banda la kupokelea na kupangia mazao: sakafu ya saruji, paa, mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kreti za plastiki na maji safi. Banda hilo litamilikiwa na wanavikundi wote.

La tatu ni dawati la nyaraka na ufundi. Sisi tunaofanya kazi hizi tutajitolea kwa zamu, Jumamosi moja kila mwezi, kuvisaidia vikundi na mafundi kusajili, kujaza zabuni na kusoma mikataba, bila malipo. Pamoja na hilo tuwalipie ada vijana wetu wanaojua kuchomelea, kufunga umeme na kujenga lakini hawana cheti. VETA iko Kihonda, VETA iko Mikumi. Mkandarasi wa mgodi hawezi kumwingiza fundi getini kwa sifa za mdomo, hata kama amejenga nusu ya nyumba za Langali.

Ndugu zetu, sisi tumeanza. Tuliosimama hapa tumekwisha kutoa ahadi zetu kwa Mweka Hazina, na zamu za Jumamosi zimepangwa hadi mwezi wa sita. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki kuna fomu ya ahadi. Jaza jina lako, kiasi, na tarehe utakayolipa, kisha weka sahihi. Fomu hiyo nayo ni mkataba, na mtu utakayekuwa unadaiwa naye ni mama anayeteremka na furushi kichwani kutoka Tchenzema alfajiri hii.

Mungu aibariki Mgeta, aibariki Uluguru yote.